Mkeka wa Mashtaka

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikizilaumu karanga. Nimezilaumu darasani, nimezilaumu kwenye harusi za watu, nimewasimulia wanangu mpaka wakaanza kunimalizia sentensi: jinsi muuza karanga mmoja wa Manzese alivyochana kurasa za mwisho za kitabu kitamu kuliko vyote nilivyowahi kushika, akazikunja pembe, akazijaza karanga, na watu wakatafuna wakaenda zao bila kujua wamekula siri ya nani alimuua yule mfanyabiashara. Kazi yangu leo ni ukutubi katika shule moja ya sekondari huku Kinondoni, na wenzangu hunicheka kwa sababu kitabu kipya kikifika, kabla sijakigonga muhuri, nafungua mwisho kwanza. Sisomi. Nahakikisha tu kwamba mwisho upo. Ugonjwa huo niliupata Ukonga, mwaka ule niliokaa kwa shangazi yangu Tabitha nikisubiri matokeo ya kidato cha nne na kisha nafasi ya chuo, na nilidhani naujua wote, chanzo na dalili zake. Wiki iliyopita nilikwenda kwenye hitima ya Bi Zuhura, na huko nikagundua kwamba karanga zile hazikuwa na hatia.

Sitamchosha mtu na habari za kwetu Singida, nani kamzaa nani na kwa nini nilitumwa Dar. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilifika na begi moja, basi. Nyumba ilikuwa ya Bi Zuhura, Mzaramo wa kuzaliwa pale pale, mshonaji, mjane mwenye sauti ya kumwita mtu akiwa barabara ya pili. Alishonea barazani, mbele ya nyumba, na cherehani yake ya mkono aliipenda kuliko ndugu zake wengine. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuipangusa vumbi. Shangazi, mwalimu wa shule ya msingi, alipanga vyumba viwili vya kushoto. Mama Kulwa, Msukuma mwenye pacha wawili na ulimi wa wanne, alipanga chumba cha upande wa kulia na alikaanga maandazi uani, nyuma ya nyumba, kuanzia adhuhuri mpaka jua linapoinama. Na mwisho kabisa wa uani, likiegemea ukuta wa jirani, kulikuwa na banda la chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja. Aliyelala humo akitaka kutoka hakuwa na njia nyingine, sharti apite mbele ya karai la Mama Kulwa. Humo ndimo alimohamia Sefu, wiki chache baada yangu.

Sefu alikuwa ametoka gerezani. Kwa Ukonga hilo si jambo la kushangaza sana. Gereza lipo, watu huingia, watu hutoka, na anayetoka lazima alale mahali. Lakini Mama Kulwa alishangaa kwa niaba ya mtaa mzima. Nilimsikia akimwuliza Bi Zuhura kama kweli ameamua kulaza mwizi nyumba moja na watoto wake, na Bi Zuhura akajibu kwamba banda lisilo na mtu huingia popo, na yeye kati ya mtu na popo anachagua mtu. Sefu mwenyewe alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, mrefu, mkimya, fundi seremala. Useremala alijifunzia ndani. Alijitengenezea kijibanda cha mabati pembeni ya mlango wake, akaweka meza, randa, misumeno na patasi zake zilizonolewa mpaka zikang'aa, na tangu hapo mchana wote wa nyumba ile ulikuwa na mlio wa randa ikipita juu ya mbao. Alipoulizwa alifungwa kwa kosa gani alisema alikata miti kwenye hifadhi ya Pugu. Mama Kulwa hakuamini. Alisema hakuna mtu duniani anayefungwa kwa mti, na siku za mwizi ni arobaini. Bi Zuhura, uzi mdomoni, akamwuliza na za asiye mwizi je, ni ngapi?

Mwaka huo nilikuwa nimeshikwa na vitabu vya upelelezi kama mtu anavyoshikwa na homa. Manzese, jirani na magereji, alikuwapo Mzee Kibwana, aliyepanga vitabu vikuukuu juu ya ubao na kuvikodisha. Unachukua kimoja, ukikirudisha unachukua kingine. Nilikuwa nakwenda Jumamosi asubuhi nikirudi na mauaji mapya mkobani. Nilisoma nikikoroga ugali, nikapewa maneno kwa ugali ulioungua. Ndipo Shangazi alipopiga marufuku kusoma peke yangu. Alisema kama ni raha basi iwe ya nyumba nzima, na akaweka utaratibu wake wa kiualimu: baada ya alasiri mkeka unatandikwa uani, mimi nasoma kwa sauti sura moja tu, hakuna kuchungulia mbele, na kitabu kikishafungwa kinarudi ndani ya kikapu kilichoning'inia kwenye msumari ukumbini. Nilidhani nitakufa kwa kusubiri. Kumbe ndiko nilikojua kusoma ni nini. Bi Zuhura alileta mihogo ya nazi kwenye sufuria, Mama Kulwa alitoa maandazi yaliyokataa kuumuka, Shangazi alichemsha chai ya rangi yenye tangawizi, na kwa saa nzima wanawake watatu na mimi tulikuwa kwenye maiti, damu na nyayo, tukitafuna. Sefu hakuwahi kuja mkekani. Lakini kila nilipofika pazuri, nilisikia randa imenyamaza.

Nilitaka kujua kila kitu. Shangazi alikuwa na kamusi iliyovimba kwa unyevu, nami nikaanza kuwinda humo maneno ya uhalifu, na kila nililolipata nikalipeleka mkekani kama mtu aliyeokota pete. Bi Zuhura ndiye aliyeyapa uhai. Mdokozi, alisema, ni yule anayefunua sufuria yako akachomoa mnofu. Tapeli anakuja na kanzu safi na anakuombea dua kabla. Kibaka anakuibia halafu anakimbia. Jambazi anakuibia halafu unakimbia wewe. Tulicheka mpaka Shangazi akavua miwani. Nikauliza, basi na aliyefungwa akamaliza kifungo chake anaitwaje, maana nimepekua kamusi yote sijamwona, na hapa uani watu bado wanasema yule mfungwa, yule mfungwa. Randa ilikuwa imenyamaza. Bi Zuhura aliangalia kuelekea bandani, akasema kwa sauti yake ile ya barabara ya pili, "Huyo anaitwa Sefu."

Siku nyingine ilikuwa zamu ya historia. Bi Zuhura alitusimulia kwamba babu yake alifungwa, alipigwa pingu akapitishwa mtaani mchana kweupe, kwa kosa la kukosa kodi ya kichwa. Shangazi naye akakiri, akiangalia pembeni kama ilikuwa jana, kwamba mama yake mzazi aliwahi kumwaga pombe ya mtama kwenye shimo la majivu askari walipokuja, kwa kuwa kupika bila kibali ilikuwa kesi. Mama Kulwa akasema kwao mjomba alishikwa na sabuni nyingi, miaka ile sabuni ilipokuwa adimu, akaitwa mlanguzi. Sabuni! Nilikaa nikiwatazama hawa wanawake wanyoofu, waliosali na kufunga, na kugundua kwamba kila mmoja ana mhalifu kwenye ukoo wake na anampenda. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kosa nalo lina umri, kwamba linazaliwa, linakua, na mengine hufa, na aliyefungwa kwa ajili yake anabaki na aibu ya jambo ambalo leo mtoto mdogo angelicheka. Nilikuwa nawaka. Sijawahi tena kujifunza kwa kasi ile, si chuoni wala kazini.

Kisha kikaja kitabu chenyewe. Jalada lake lilikuwa limeng'oka zamani, kwa hiyo hatukuwahi kujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Mfanyabiashara tajiri anakutwa amechomwa kisu chumbani kwake. Kuna mke aliyekuwa akinyanyaswa, kuna mdogo wa marehemu aliyetaka duka, kuna daktari wa familia anayejua mengi mno, na kuna mtunza bustani, Dunstani, ambaye zamani aliwahi kufungwa. Kisu kinakutwa chini ya kitanda cha Dunstani. Tulikisoma wiki kadhaa, na nyumba ikageuka. Mama Kulwa aliunguza maandazi. Bi Zuhura alimshonea bibi harusi mkono mmoja mfupi kuliko mwingine kwa kuwa alikuwa anamfikiria daktari. Tulipofikia mahali inspekta anawakusanya wote sebuleni, anakohoa, anasema sasa nitawataja, nikafungua ukurasa, na hapakuwa na ukurasa. Palikuwa na mzizi wa karatasi ulionyooka kando ya uzi, na baada yake hewa.

Siwezi kueleza kelele ya siku ile. Kesho yake nilikwenda Manzese nikiwa nimefura. Mzee Kibwana aliapa kwamba kitabu kilitoka kwake kikiwa na mwisho. Nilimwonyesha mzizi. Aliuangalia, akageuka taratibu akamtazama jirani yake, muuza karanga, aliyekuwa wakati huo huo akikunja pembe kwa karatasi ya kitabu cha hesabu. Wazee wale wawili, waliokuwa wakinywa kahawa pamoja kila siku, walirushiana maneno mpaka mafundi wa gereji wakaja kuwaamua. Mimi nilirudi Ukonga na hukumu: karanga. Jambo moja tu lilinisumbua, nami nililisema mkekani kwa madaha ya kipelelezi. Muuza karanga huchana kwa mkono, na mchano wake huwa na meno. Huu ulikatwa, tena kwa kitu chenye makali. Shangazi akasema pengine ana wembe. Nikaridhika. Nimesoma mamia ya vitabu tangu hapo, vya wapelelezi wanaoona vumbi juu ya kiatu na kujua mtu katoka wapi, nami niliridhika na wembe.

Shangazi ndiye aliyesema kwamba kama kitabu hakina mwisho, basi kesi iko mikononi mwetu. Akatunga mahakama. Kanuni yake aliitoa darasani, kwa watoto wanaokuja kulia kwamba fulani kaniibia penseli: anayemtuhumu mtu ndiye anayekaa katikati ya mkeka kwanza, na anaulizwa yeye mpaka aishiwe. Mama Kulwa hakusubiri kuitwa. Alikaa katikati, akafuta unga mikononi, akasema ni Dunstani. Kwa nini? Kisu. Kingine? Aliwahi kufungwa. Kingine? Lisemwalo lipo. Shangazi akamwuliza taratibu nani alimwona Dunstani akiingia ndani ya nyumba ile, akapata faida gani, na kwa nini inspekta alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda chake kabla ya kupekua vya wengine. Nami, nikiwa nimepandwa na wazimu wa upelelezi, nikaruka nikaenda dirishani kwa Sefu kutafuta ushahidi wa mtaalamu. Nilimwuliza bila haya kama mtu aliyewahi kufungwa anaweza kuua halafu akaficha kisu chini ya kitanda chake mwenyewe. Aliweka randa chini. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayepima mbao.

"Mdogo wangu, polisi huanzia kitandani," alisema. "Mie ningekuwa nimeua, kisu kingekuwa chini ya kitanda chako."

Nilirudi mkekani mbio na jibu hilo. Kesi ilikwenda siku baada ya siku, na sikumbuki tena nani alimtia hatiani mdogo mtu na nani daktari. Ninachokumbuka ni Mama Kulwa, aliyepigana peke yake mpaka mwisho, siku alipotupa mikono juu na kusema haya, nimeshindwa, Dunstani hakuua, mwacheni akamwagilie maua yake. Tulipiga vigelegele. Na tangu wiki hiyo, ingawa hakuna aliyelitaja, maandazi mawili yalianza kupelekwa bandani saa ya chai, yamefunikwa kisahani. Sefu naye alitutengenezea benchi. Alilileta uani, akaliweka, akarudi kwenye randa yake.

Halafu cherehani ikapotea. Ilikuwa alasiri ya kawaida kabisa. Bi Zuhura alikuwa amekwenda nyumba ya tatu kumpima mtu gauni, Shangazi alikuwa hajarudi shule, mimi nafua uani. Bi Zuhura aliporudi barazani, meza ilikuwa tupu. Alipiga yowe moja tu. Lakini kwa sauti yake ile, moja lilitosha. Vijana wa kijiweni walifika kabla sijakausha mikono, kisha watu wa mtaa wa pili, kisha watu nisiowajua hata leo. Hakuna aliyeuliza chochote. Mmoja alisema, si kuna yule mfungwa humu ndani, na wote wakamiminika kupitia ukumbini mpaka uani. Wengine walikuwa na fimbo, wengine walikwishaokota mawe njiani, na kijana mmoja alikuwa amebeba tairi begani. Tairi lile bado naliota. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa. Sefu alikuwa ndani na malaria tangu jana yake, na kila mtu mle nyumbani alijua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vitabu vyote vile vilikuwa mchezo. Kwenye kitabu inspekta anakohoa na watu wananyamaza. Hapa hapakuwa na wa kukohoa. Bi Zuhura alijipenyeza mpaka mlangoni akisema ni nyumba yangu hii, ni nyumba yangu, wakamsukuma. Na Shangazi akatokea ukumbini, bado na daftari za wanafunzi kifuani, miwani imekaa upande. Alitazama mlango, akatazama tairi. Hakupaza sauti. Aliniambia kama alivyoniambia kila siku saa hiyo, "Stela, lete mkeka."

Niliuleta. Nilishindwa kuukunjua, akaukunjua yeye, akautandika mbele ya mlango wa Sefu, chini ya miguu ya watu. Wa mbele walirudi nyuma kidogo, nadhani kwa mazoea tu ya kutokanyaga mkeka na viatu. Akawaambia kwamba anayesema Sefu kachukua cherehani aje akae hapa katikati, aseme alimwona saa ngapi, kaibeba vipi, kaipeleka wapi. Wengi wa vijana wale aliwahi kuwafundisha kusoma, aliwaita majina. Wewe Hamisi, ulimwona? Karibu ukae. Wewe Jumanne? Hakuna aliyekaa. Lakini hakuna aliyeondoka pia, na nyuma kabisa sauti zilianza kupanda tena, mwalimu anatuchelewesha, mwizi hana mkeka. Nikaona kijana mwenye tairi anasogea. Ndipo Mama Kulwa aliposimama kutoka kwenye karai lake. Nilijua sasa tumekwisha, maana katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka. Alitembea mpaka katikati, akavua kandambili, akakaa, akapanga miguu vizuri chini ya kanga.

"Mie niko hapa tangu adhuhuri," alisema. "Njia ya kutoka bandani ndiyo hii, mbele ya karai langu. Sefu hajatoka. Nimempelekea uji mwenyewe, hata kikombe hajaweza kushika. Anayetaka kumpiga aniulize mie kwanza."

Watu walimwuliza. Walimwuliza kweli, kwa ukali, naye akajibu swali moja baada ya jingine, na kadiri alivyojibu ndivyo mkusanyiko ulivyopoa, kwa sababu mtu akishaanza kuuliza swali na kusubiri jibu, mkono wenye jiwe huchoka. Magharibi ilipoadhiniwa uani tulibaki wenyewe. Asubuhi yake, tukiwa tunakunywa chai bila hamu, hodi ikasikika barazani. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, mmoja wa wale waliozunguka mitaa na baiskeli, na nyuma ya kiti, imefungwa kwa mpira, ilikuwa cherehani ya Bi Zuhura ikinuka mafuta mapya. Alisema jana alipiga hodi hakuitikiwa, na kwa kuwa mwenyewe bibi alimwambia kitambo kwamba siku yoyote akipita, akimkuta asimkute, aichukue akaisafishe, basi aliichukua. Bi Zuhura alikaa chini pale pale kizingitini. Ilikuwa kweli. Alimwambia, akasahau. Tungechoma mtu mchana kweupe kwa cherehani iliyokwenda kupakwa mafuta. Nililia siku ile kuliko nilivyolia kwenye misiba mingi. Bi Zuhura alikwenda bandani, akakaa kwenye ncha ya kitanda cha Sefu, na sikusikia walichosema.

Haya yote niliyasimulia tena wiki iliyopita, uani pale pale, kwenye hitima yake. Nyumba imepakwa rangi na banda limevunjwa, lakini benchi lipo. Dua ilikwisha, pilau ikaliwa, na wanawake wakawa wanakumbushana vituko vya marehemu ili machozi yapungue. Shangazi tulimzika miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo ilibaki kwangu kueleza mahakama, nami nikaanza kama kawaida na muuza karanga. Wakacheka. Mama Kulwa, sasa bibi kizee mwenye mkongojo, alicheka mpaka akakohoa. Nilipogeuka niliona mzee mrefu wa kanzu na kofia amesimama mlangoni na sinia tupu mkononi, kasimama vile vile alivyokuwa akisimama randa inaponyamaza. Alikuwa na karakana yake Gongo la Mboto kwa miaka yote hii, nilisikia, lakini hatukuwa tumeonana tangu nilipokwenda chuo. Nilinyanyuka nikamwamkia shikamoo kaka Sefu. Aliitikia marahaba, akaniomba tusogee pembeni.

"Stela," alisema, "zile karanga ziache. Kurasa nilizikata mie."

Sikuelewa. Akaeleza taratibu, akiangalia sinia. Kitabu kile alikisoma gerezani. Kilipita mkono kwa mkono kikiwa kizima. Aliposikia sauti yangu inakianza, alikitambua kwenye sura ya kwanza. Alikuwa mgeni uani, Mama Kulwa anamtazama kama nyoka, na kila alasiri tulizidi kukaribia mwisho ambao yeye aliujua. Basi Jumapili moja, sisi tukiwa kanisani, naye Bi Zuhura akiwa kwa binti yake, alikwenda ukumbini, akashusha kikapu, akatoa kurasa zile za mwisho kwa patasi. Akazichomea kwenye jiko alilochemshia gundi ya mbao.

Patasi! Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Mchano usio na meno, makali yaliyonyooka, na fundi mwenye patasi zilizonolewa hatua chache kutoka mkekani. Nilimwonyesha ushahidi kila mtu isipokuwa yeye. Sikuona hata chembe ya hasira moyoni, nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya msichana wa miaka kumi na minane aliyefunguliwa mlango uliofungwa zaidi ya miaka thelathini. Nikamkamata mkono wa kanzu nikamwuliza, basi sema, nani alimuua?

"Dunstani," alisema.

Nikamwuliza kwa ushahidi gani. Akasema kisu. Kisu tu? Kisu tu, na kwamba aliwahi kufungwa. Inspekta anasema pale sebuleni kwamba aliyeonja gereza haachi, na wote wanaitikia kwa kichwa, na kitabu kinaishia hapo. Nilisimama nikiwaza wanawake wale watatu na mimi tukiisoma sentensi ile kwa sauti, na Mama Kulwa akishinda kesi yake, na vigelegele vyake. Niliwaza cherehani. Niliwaza tairi, na mkeka uliotandikwa, na mtu ambaye asingenyanyuka kutoka kwenye karai lake.

Nilimshika mkono Sefu nikampeleka kwa Mama Kulwa. Masikio yake ni mazito siku hizi, ikabidi niinue sauti, na uani wote ukasikia kwamba mwandishi wa kitabu kile alisema ni Dunstani. Macho ya bibi yule yaling'aa. Akauliza, "Kwa hiyo mie ndiye niliyekuwa sahihi?" Nikasema kwa mujibu wa kitabu, ndiyo. Akatabasamu kwa ushindi, akatazama huku na huku apate wa kumtambia, macho yake yakamfikia Sefu aliyesimama na sinia lake, nywele nyeupe, mzee kamili mwenye wajukuu. Tabasamu likaondoka polepole. 

"Basi alhamdulillah nilishindwa," alisema Mama Kulwa, ambaye ni Mkatoliki. Akasogeza mkongojo wake, akapiga mkeka aliokalia kwa kiganja, pale katikati, akamwambia Sefu akae.